Kabla ya Vitamini, Mwambie Baba Avue Viatu

Mtoto wa miaka 10 anajikwaa kwenye sakafu tupu, kifundo cha mguu kinateguka kila mara, na anarudi nyumbani na nini? Vitamini B. Maana kwetu "mishipa", yaani neva, ina dawa moja tu. Miezi 6 baadaye bado anajikwaa, anaongezewa dozi! Hakuna aliyewaza Charcot-Marie-Tooth, ugonjwa wa neva wa kurithi.

Haya, nakubali: kisukari, VVU na upungufu wa B12 vipimwe, na anayemeza isoniazidi kwa TB anahitaji B6 kweli. Lakini vipo vidonge vyenye miligramu 200 za B6 kila kimoja, ilhali mtu mzima anahitaji kama 1.3 kwa siku. Dozi kubwa kwa miezi mingi huharibu neva zilezile za hisi. Hapo umemtibu au umemwongezea?

Na kipimo cha kwanza ni bure. Vua soksi. Tazama tao la wayo lililoinuka, vidole vilivyojikunja kama makucha, shavu la mguu lililokonda kwa chini. Mwambie atembee kwa visigino. Asipoweza kuinua mbele ya mguu, misuli ya muundi imelegea. Gonga kano ya kisigino, na mguu ukinyamaza, andika. Kisha, hapa ndipo wengi hawafiki, mgeukie mzazi aliyemleta: baba, naomba nawe uvue viatu. Mtu akisema "miguu hii ni ya ukoo wetu", hajapiga porojo, amekupa nusu ya jibu. Wewe unatafuta kalamu uandike vitamini.

Ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth (Tooth ni daktari, meno hayahusiki) umeandikwa tangu 1886. Katika aina iliyoenea zaidi, 1A, kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni ya PMP22 hujirudia: nakala 3 badala ya 2. Mayelini, ganda linalofunika neva, linaharibika, na kasi ya ujumbe kwenye neva za mkono hushuka chini ya mita 38 kwa sekunde. Kwa mtu mzima asiye nao ni kama 50 au zaidi. Kila mtoto wa mzazi mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu. Wapo pia ambao hitilafu inaanzia kwao, kwa hiyo miguu mizuri ya wazazi haifungi faili. Uchawi sitaujadili.

Vinkristini, dawa tunayowapa watoto wenye uvimbe wa Burkitt (aina ya saratani), inaweza kumlemaza ghafla mwenye 1A. Miguu itazamwe kabla ya dripu ya kwanza.

Tiba ya kuuponya haipo. Kipo kishikizo cha plastiki cha kuzuia mguu usining'inie, na hata hicho hutolewa bila maelezo kikaishia uvunguni. Kivaliwe na soksi ndefu, ndani ya kiatu cha kufunga kilichotolewa soli ya ndani, kandambili hazifai. Siku ya kwanza dakika 30, kisha kagua ngozi, maana mwenye hisi hafifu hatasikia maumivu. Wekundu usiofifia baada ya dakika 20 au 30 maana yake kinabana: kirudishwe kwa fundi, kisiachwe "kizoee".