Tungejuaje kama tumekosea?

Mdogo wangu alifariki kwa degedege mwaka 1993. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu, mimi nina tisa. Asubuhi aliamka na homa, adhuhuri akakakamaa mikono na miguu, macho yakapanda juu yakabaki meupe. Nakumbuka bibi alitazama darini kabla ya kumtazama mtoto. Alikuwa anamtafuta ndege.

Kwa sisi wa Bagamoyo hilo halihitaji maelezo mengi. Degedege lina dege ndani ya jina lake, ndege wa kishetani anayempitia mtoto juu. Na lilikuwa na sharti ambalo kila mama wa mtaani kwetu alilijua: mtoto wa degedege hachomwi sindano, ukimchoma umemuua. Kwa hiyo hospitali, ambayo tungeifikia kwa miguu, hatukwenda. Tulikwenda kwa mganga. Mtoto akafunikwa shuka, chini yake kikawekwa kigae cha makaa, na juu ya makaa mavi ya tembo yaliyokauka. Mimi nilipewa kazi ya kushika pembe moja ya shuka ili moshi usitoke. Moshi ule unanukia kama nyasi zilizochomwa kabla hazijakauka vizuri, wala si harufu mbaya. Nilishika pembe yangu mpaka vidole vikaingia ganzi. Alfajiri mtoto akakata roho.

Matangani nilisikia maelezo matatu. Mganga alisema kuna mwiko umevunjwa, mtu ameingia chumbani akiwa hajatoharika. Shangazi akasema hapa kuna mkono wa mtu, akamtaja jirani yetu, mama mtu mzima ambaye tangu siku ile hakualikwa tena kwetu mpaka anaingia kaburini. Na wazee waliokuja kutoa mkono wa pole walisema lile tunalolisema wote: kazi ya Mungu haina makosa.

Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka 30. Leo simwamini mganga, siamini uchawi wala majini, na Mungu pia simwamini. Nataka kueleza nilivyofika hapa, kwa sababu watu wengi wakisikia hivyo hudhani mtu kapotoshwa na usomi au kakasirikia msiba. Hasira nilikuwa nayo, sikatai. Lakini hasira ilipoa nikiwa bado msichana, bado nikisali na kufunga. Kilichobaki baada ya hasira kilikuwa swali: katika yale maelezo matatu, ni lipi lingeweza kuonekana kuwa si kweli?

Mtoto angepona, tungesema dawa imefanya kazi. Alikufa, tukasema mwiko umevunjwa. Mwiko usingepatikana, angepatikana mchawi. Mchawi asingepatikana, ni kudra. Hakuna mahali popote katika mlolongo huo ambapo mtu mzima mmoja angelazimika kusema, jamani, tulikosea, mtoto mwingine akishikwa tufanye vingine. Na kweli hatukufanya vingine. Mtaani kwetu watoto wengine walivukizwa vilevile.

Wale kina mama sitawaita wajinga kamwe, na naumia nikisikia mtu wa mjini akiwaita hivyo. Lile sharti la sindano lilitokana na mambo waliyoyaona kwa macho yao. Mtoto alianzia kwa mganga, akakaa siku nzima au mbili, hali ikawa mbaya mno, ndipo akakimbizwa hospitali. Anafika hajitambui, anachomwa sindano, anakufa. Mama mwingine anayaona hayo, na wa tatu pia. Sindano ndiyo kitu cha mwisho kila mtu alichokiona, basi ikabeba lawama. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri hivyo kama hakuna anayehesabu waliofikishwa mapema wakachomwa ileile wakapona. Ugonjwa wenyewe, mara nyingi, ni malaria kali: vimelea vinazifanya chembe nyekundu za damu zigande kwenye kuta za vishipa vyembamba vya ubongo, mtoto anapoteza fahamu, anatetemeka, anakakamaa. Sindano ile iliyoogopwa ndiyo iliyokuwa dawa yake.

Kitu kilichonibadilisha zaidi kilitokea hapahapa Bagamoyo. Kuanzia 2009 Taasisi ya Afya Ifakara iliandikisha watoto hapa katika jaribio la chanjo ya malaria, ile inayoitwa RTS,S. Lilikuwa jaribio kubwa la watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, vituo 11, na kwetu Tanzania kituo kingine kilikuwa Korogwe mkoani Tanga. Mtoto wa dada yangu aliandikishwa. Dada alirudi nyumbani na jambo lililomkera: kuna watoto wanapewa chanjo ya malaria, na wengine wa umri uleule wanapewa ya kichaa cha mbwa, na yeye mama mtu haambiwi wake kapewa ipi. Hata wale wanaompima mtoto homa inapompata hawaambiwi. Alikuja kuniuliza, “Mdogo wangu, hawa si wanatuficha?”

Nilikaa nikaliwaza jambo hilo siku nyingi. Kumbe walikuwa wanajificha jibu hata wao wenyewe. Daktari anajua kwamba akimpenda mtoto, au akiipenda chanjo yake, macho yake yatamdanganya, kwa hiyo anafungwa macho kwa makusudi mpaka hesabu ikamilike. Maisha yangu yote nilikuwa sijaona watu wanaojenga kazi yao hivyo, wakiacha mlango wazi ili ukweli ukitaka kuwaaibisha uingie.

Matokeo kamili yalitoka 2015. Kwa watoto waliopata dozi zote nne, waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Thelathini na sita! Mamilioni ya dola, miaka chungu nzima, na mtu anasimama mbele ya dunia kusema dawa yangu inakinga kidogo zaidi ya theluthi. Niliposoma nililia, na mume wangu hakunielewa. Hakuna mganga aliyewahi kutuambia asilimia 36. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike, pamoja na upungufu wake, kwa sababu upungufu ulijulikana na faida nayo ilijulikana. Mwaka uleule matokeo yalipotoka, 2015, serikali yetu ilikuwa imewapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa. Na miaka minne kabla, maelfu walikuwa wamejipanga Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya yule mchungaji mstaafu aliyeitwa Babu, kwa shilingi 500, baadhi wameacha dawa zao za hospitali.

Hapo wengi wa rafiki zangu husimama. Uganga wanaukataa, ramli wanaikataa, Mungu anabaki. Nawaheshimu, na najua ulamaa wetu wenyewe wamewapinga waganga kuliko mtu yeyote. Ila mimi sikuweza kusimama pale, kwa sababu kipimo kilikuwa kilekile. Nilijiuliza juu ya dua kama nilivyojiuliza juu ya moshi. Tukiomba mtoto akapona, Mungu kasikia. Tukiomba akafa, Mungu kampenda zaidi, au anatujaribu, au ana hekima tusiyoijua. Nilitafuta jambo moja tu ambalo likitokea tungesema hapa imani yetu imekosea, sikulipata. Nilipowauliza watu wa dini, kwa adabu, niliambiwa nisijaribu kumpima Mungu. Sidai kwamba nina ushahidi hayupo. Nimekosa tu sababu ya kuamini yupo, na siwezi kuigiza.

Haikuja siku moja. Usiku, akili hukumbuka mambo yake ya zamani. Miaka michache iliyopita nilikabwa na jinamizi: niko macho, naliona dirisha, sauti haitoki, kifua kimelemewa na kitu chenye uzito wa mtu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba tunapoota mwili hufungwa misuli ili tusitupe mikono, na kwamba mara nyingine ubongo huamka kabla misuli haijafunguliwa. Nilijua. Hata hivyo nilitaka kusoma Ayatul Kursiy, ile aya ya Kurani ya kujikinga, na ulimi ulipofunguka nikaisoma. Silionei aibu hilo. Maneno hayo alinifundisha bibi.

Kwa Kiswahili hata jina sina. Nikiitwa mkana Mungu, ni kama nimemwona nikamkana. Kafiri ni tusi, mpagani ni mwenye mizimu yake. Kuhesabiwa pia hatuhesabiwi, kwa kuwa sensa zetu za miaka mingi haziulizi dini, na nadhani ni busara. Katiba, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuibadili, lakini sijawahi kuiogopa serikali katika jambo hili. Nilimwogopa mama.

Nilimwambia mwaka juzi, tumekaa barazani tunachambua mchele. Hakupiga kelele. Aliendelea kutoa chuya, moja, nyingine, mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, “Sasa mwanangu, ukifa sie tukuzike vipi?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ila hilo.

“Nizikeni mnavyozikana, mama. Mtakaoumia ni nyie, mimi sitakuwepo.”

“Tukusomee hitma?”

“Nisomeeni.”

Akapeta ungo, pumba zikapeperuka kuelekea uani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na vumbi la mchele. Baada ya muda akasema, “Ijumaa tunakwenda kufyeka pale kaburini kwa mdogo wako, majani yamekuwa marefu. Uje mapema kabla jua halijawa kali. Na panga lako lile ulinoe.”

Nilikwenda.