Ohio kikao nilikipata dakika tano, Iringa nimezunguka wiki nzima

Sisi wa ughaibuni tukikutana tunapenda kusema huku kila kitu kipo, nyumbani hakuna kitu. Mie nilikuwa wa kwanza kusema hivyo hadi Februari nilipokuja likizo Iringa nikiwa na miezi kumi na nne sijaonja pombe, nikasema ngoja nitafute kikao kama vile vya AA (Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha pombe bila kutajana majina nje) ninavyoendaga kule Columbus, Ohio, Marekani. Nimerudi sina uhakika tena na ile kauli.

Kule Ohio kiukweli ni rahisi mno. Unashika simu, unaandika postikodi yako, inakuja orodha: cha saa sita mchana, cha saa moja usiku, cha wanawake watupu, cha wazi ambacho hata ndugu yako anaingia, cha ndani cha walevi wenyewe tu. Vingi vinafanyika chini ya kanisa, viti vya kukunja na kahawa chungu kama shubiri. Hulipi kitu, kikapu kinapita mwenye dola anatupia, na sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Tena mji wa Akron ambako hii kitu ilianza 1935, walevi wawili, mmoja mtu wa mambo ya hisa kutoka New York na mwingine daktari, uko mwendo wa masaa mawili tu kutoka kwangu.

Sasa njoo Iringa mwezi wa pili, mvua zinanyesha, ulanzi, ile pombe ya mianzi, umekolea. Hata mabegi sijashusha mjomba kanisogezea kikombe, "kamwene, karibu, huu ni mtogwa tu hauna kitu", na sisi wote tunajua mtogwa, ule ulanzi mtamu wa asubuhi, jioni ni mkangafu, mkali wa kulewesha. Nikakataa. Basi ikawa kesi, maana kwetu ukikataa pombe maswali ni mawili: umeokoka au uko kwenye dozi? Nikasema niko kwenye dozi. Miezi kumi na nne nasimama mbele ya watu nasema mimi ni mlevi, nimefika nyumbani nadanganya nameza antibayotiki jamani.

Nikaanza kuulizia. Kanisani walinipokea vizuri, shida wakataka Jumapili nipite mbele nitoe ushuhuda, na mama yangu anakaa benchi la tatu. Nikaenda kituo cha afya, dada wa mapokezi akaniuliza kwa sauti "shida nini kaka?", foleni nzima ikageuka, nikasema kichwa, nikapewa panadol. (Ila niseme hili: mtu anayekunywa kila siku asikurupuke kuacha peke yake nyumbani, aanzie kwa daktari. Mwili uliozoea ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na kuona vitu ambavyo havipo, anaweza hata kufa. Mtaani wanasema karogwa, au wanampa kidogo azimue, na safari inaanza upya.)

Siku ya Alhamisi nikashindwa, nikaingia kikao changu cha Columbus kwa Zoom. Saa moja usiku ya kule ni saa tisa usiku ya kwetu, nimejifunika blanketi mbili, baridi ya Iringa mnaijua, naongea kwa kunong'ona mama asisikie, bando likakata wakati zamu yangu ndo imefika.

Kilichonisumbua ni kwamba vikao tunavijua sana sisi. Mama yangu yuko vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kila Jumapili saa tisa mchana, ukichelewa faini, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Nani kafanikiwa kukutanisha watu hivyo Marekani? Kinachotushinda ni lile neno la kutotajana. Kule nasema jina la kwanza na hakuna anayejua kwetu ni wapi, wakati hapa Iringa, mtaa wa Kihesa, kabla hujamaliza jina mtu ashauliza "wewe si mtoto wa fulani?" na jioni habari ishafika mtaa mwingine, Ipogolo. Ila huohuo umbea una faida yake, bana. Mwaka jana niliugua wiki tatu sikwenda kikaoni, nilitumiwa meseji moja. Iringa ningegongewa mlango siku hiyohiyo, na uji juu.

Mwishoni aliyenisaidia ni bodaboda. Nilimwambia tu sinywi, asiniulize, akaniambia hata yeye ana miezi minne, alianza na viroba, zile pombe kali za pakiti, kabla havijapigwa marufuku 2017 akaishia kwenye gongo. Tukakubaliana Jumanne saa kumi jioni nyuma ya karakana ya fundi seremala, wawili tu, mashine ya randa inapiga kelele kiasi kwamba hata ukilia hakuna anayesikia. Sharti tulilowekeana ni hakuna kuulizana wewe ni mtoto wa nani, ingawa mie yeye nilikuwa namjua hadi shangazi yake.

Sasa hivi nimerudi Ohio, kila Jumanne ananitumia voisi. Wiki iliyopita walikuwa wanne, mmoja alikuja amelewa, wakamwacha akae.