Kadi za manila na x = x + 1

Wiki ya pili hii wanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Arua, Uganda, wanacheza kuoanisha kadi. Nilikata manila vipande 20: 10 vina maneno ya uprogramu kama kigeu, kitanzi (maagizo yanayojirudia), sharti na funksheni, 10 vingine vina maana zake. Wanakaa wannewanne, na kundi linalomaliza kwanza ndilo linaloshinda.

Faida naiona kwa macho. Umeme ukikatika, somo linaendelea. Wasiothubutu kunyoosha kidole mbele ya darasa wanabishana wakiwa wanne: "Hicho si kitanzi, mbona hakirudii kitu?" Tena wanabishana kwa Kiswahili na Kilugbara, ingawa mtihani utakuja kwa Kiingereza. Kwangu ubishi huo ni somo tosha.

Mwenzangu wa hesabu haridhiki. Anasema aliyejua kadi tisa hupewa ya kumi bure. Basi nikaandika ubaoni:

x = 5
x = x + 1

Kundi lililokuwa limeshinda siku mbili mfululizo likapinga: "Mwalimu, haiwezekani." Kihesabu hawajakosea; hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiiongezea moja. Ila katika Python, lugha ya kuandikia programu, alama ya = haisemi pande mbili ni sawa. Inaamuru: kokotoa cha kulia, kisha matokeo yapewe jina la kushoto. Iliyokuwa 5 sasa ni 6. Kuuliza kama vitu viwili ni sawa kuna alama yake, ==. Kadi yao ilisema kigeu ni jina linaloshika thamani, wakaioanisha bila kosa, na bado hawakujua kigeu hufanya nini.

Wapo wanaosema msamiati utakuja wenyewe kwa kuandika programu. Ni kweli, kwa mwenye kompyuta. Wangu hugusa kibodi kwa zamu, na mtoto asiyejua jina la kitu hawezi hata kuuliza kimeharibika wapi. Kadi sizitupi.

Nusu ya kadi za maana nimezibadilisha, sasa zina mistari ya msimbo. Nimeongeza pia 3 zisizo na mwenza, ili ya mwisho isijipate yenyewe. Kasi imeshuka sana. Jana kundi moja liliigombania x = x + 1: huyu anaiweka kwa kigeu, yule anasema ni ya kitanzi kwa kuwa inahesabu mizunguko. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kengele ililia kabla hawajakubaliana.