Niliamka hamira imefika vigimbini

Mama mkwe wangu anaamini mwanamume anayezunguka uani saa nane za usiku ni mmoja kati ya watatu: mlevi, mwizi, au mwanga. Mimi sinywi, na wizi unataka miguu iliyotulia. Kwa hiyo, kwa miezi miwili hapa nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, nilibaki kwenye kundi la tatu.

Kosa ni la miguu. Mchana kutwa haina neno, hata kupanda ngazi za watu na mabati begani. Usiku nikishajilaza tu, inaanza. Si maumivu, yangekuwa maumivu ningemeza kidonge nikalala. Ni kama siafu wamehamia ndani ya vigimbi na wanagombea vyumba. Ukiutuliza mguu unahisi utapasuka. Ukiurusha, unapata raha ya kupepesa jicho, kisha wanarudi na mizigo yao. Nyayo nazo zinawaka kama nimesimama juu ya bati la saa saba mchana.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza usiku mmoja, baada ya teke la nne, "hiyo baiskeli unampelekea nani?"

Swali la Kitanga kabisa. Sikuwa na jibu.

Nilijaribu yote. Niliegemeza nyayo kwenye ukuta wa saruji mpaka ukuta ukaota nyayo mbili nyeusi, kama vile kuna mtu alipita kwenda darini. Nilifunga miguu kwa kanga mbichi, godoro likalowa, nikanuniwa. Niligeuza feni ielekee miguuni, na hapo watoto wakanuna, halafu umeme ukakatika tukawa sawa wote. Kaskazi ya mwezi wa pili hamjui huruma, nyie mnaokaa Lushoto.

Nikapeleka shauri kwenye baraza la kahawa. Pale hakuna ugonjwa unaokosa mganga. Mmoja akasema mafuta ya habasoda, mwingine akasema ni damu nzito, mzee wa bao akasema bila kuinua kichwa kwamba nahitaji kuchoka: ninywe kahawa nyingi, nichangamke, nitembee, usingizi utakuja wenyewe. Nikamsikiliza yeye, kwa sababu kahawa ilikuwa karibu. Kutoka vikombe viwili baada ya isha nikafika vitano, na kashata juu. Siafu wakafurahi mno.

Ndipo nikanunua ndoo. Ya bluu, ya lita 20, naijaza maji ya mtungini naiweka uani, usiku nikishindwa natoka kutumbukiza miguu. Wiki mbili ikanifaa, kisha maji yakawa yanapata moto upesi kuliko ninavyopata usingizi. Nikahamia chini ya migomba nyuma ya nyumba, pale panapomwagwa maji ya vyombo. Udongo wa pale ni mbichi, baridi kama ndani ya mapango ya Amboni. Napandisha msuli, peku, nazunguka mgomba taratibu nikiukandamiza udongo kwa vidole. Raha yake siwezi kuieleza mbele za watu.

Usiku wa Jumatano jirani akatoka na tochi. Akanikuta mzunguko wa saba hivi, msuli juu, midomo inachezacheza kwa sababu nilikuwa nahesabu.

"Audhubillahi!" akapiga kelele, akafunga mlango. Nikamsikia anaburuta kabati kuuzuia.

Kesho yake salamu za mtaa zikawa za mbali. Mama mkwe naye, aliyehamia kwetu tangu mwaka jana na anauza vitumbua hapo barazani, akanitazama chai nzima bila kusema. Nikaapa migombani sirudi. Usiku wa Alhamisi nitarudia ndoo yangu.

Umeme haukuwapo. Nikapapasa ukuta mpaka uani, nikaikuta ndoo karibu na mtungi, imefunikwa sinia. Moyo ukalainika. Nikasema mke wangu huyu, pamoja na kununa kote, kanifunikia maji yangu mbu wasitage. Kiti kilichokuwepo ni mbuzi ya kukunia nazi. Nikakaa upande, kwa hadhari kubwa ambayo wanaume wenzangu mtaielewa, nikaondoa sinia, nikatumbukiza.

Jamani.

Hayakuwa maji ya siku zote. Yalikuwa mazito, laini, yanakumbatia. Yananukia iliki. Nikajiambia mambo ya pwani haya, mke wangu kaenda kwa mtu kaniwekea dawa, na kwa unyenyekevu hajanitajia. Halafu vikaanza vipovu. Vidogovidogo, vinapanda kati ya vidole vinapasuka, pwi, pwi, vinatekenya. Siafu wakanyamaza mmoja mmoja. Nikaegemea mtungi nikamshukuru Mungu, na hapo hapo nikalala, usingizi wa kwanza wa maana tangu Disemba.

Nilichoamkia ni mwanga wa tochi ya simu na adhana ya alfajiri. Mama mkwe kasimama mbele yangu, kanga kichwani, upawa mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema. Adabu ni adabu.

"Marahaba." Akanimulika usoni, kisha akashuka na mwanga polepole. "Mkwe wangu, miguu yako iko wapi?"

"Kwenye maji mama."

"Maji."

Ndipo nami nikatazama. Nilitumbukiza miguu mpaka vifundoni, nakumbuka vizuri. Sasa ule uji mweupe ulikuwa umepanda mpaka katikati ya vigimbi, umevimba, una vishimo juu kama sponji, na tone moja nene linateremka nje ya ndoo kuelekea sakafuni. Mchele kilo 4, tui la nazi 5, iliki, sukari na hamira. Vitumbua vya Ijumaa, siku yake ya kuuza kuliko zote.

Nikavuta mguu wa kulia. Ukatoka na sauti ambayo sitaisahau.

"Mama, nisamehe. Hii ndoo ya bluu si ya miguu yangu?"

"Miguu gani? Ndoo yangu ilipasuka Jumatatu, nikaikuta hii imekaa bure, nikaisugua kwa sabuni nikaanza kuiumulia."

"Jumatatu?"

Tukatazamana. Nikamwona anahesabu, na mimi nahesabu: vitumbua vya Jumanne, vya Jumatano, vya Alhamisi. Mashekhe wawili. Walimu wa shule. Mzee wa bao, ambaye Jumatano alikula sita akasema vya wiki hii vimekolea. Mimi mwenyewe vinne, na niliongeza kwa sahani ya mwanangu.

"Nilisugua kwa sabuni," mama mkwe akarudia, safari hii kwa sauti ndogo, kama anajitetea yeye. Akazima tochi. "Nenda kaoge. Hatujaonana."

Kule barazani watoto wa jirani walikwisha panga foleni na visahani. Nikamsikia anawaambia leo unga haukuumuka. Uongo mtupu, haujawahi kuumuka vile. Kuku wa mtaa wakala mpaka wakashindwa kutembea, na nyayo zangu nyeupe kutoka uani mpaka bafuni zilikuwa zimeshakauka, zikabidi zibanduliwe kwa kisu. Nililipa 30,000 bila kuulizwa.

Ni mama mkwe aliyenisukuma zahanati. Daktari, binti mdogo kabisa, aliniuliza maswali mpaka nikaona haya: inazidi usiku? ukitembea unapata nafuu? unakunywa kahawa ngapi? Nilipotaja vikombe vitano akaiweka kalamu chini. Sukari ilikuwa sawa, na ndiyo aliyoitafuta kwanza kwa sababu ya nyayo kuwaka. Wingi wa damu nao sawa. Ila kipimo cha akiba ya madini ya chuma, kilichopelekwa Dar kikakaa siku nne, kilirudi kiko chini mno. Akasema damu inaweza kuwepo na ghala likawa tupu, na ghala likiwa tupu miguu ya namna hii hupata pa kuanzia. Kahawa na chai zinazidisha: kahawa inakesha na mtu, na zote mbili, zikinywewa pamoja na chakula, huzuia chuma kuingia mwilini.

"Chuma kinakwenda wapi sasa?" nikauliza.

Akataka choo. Jibu likaja: minyoo ya safura. Inaingia kwa kutoboa ngozi ya nyayo, kwenye udongo mbichi wenye kivuli, ikifika tumboni inanyonya damu.

"Unatembea peku mahali?"

Nikaitazama dari. Migomba yote ikanipita machoni. Pengine walianza zamani, sijui, lakini mimi niliwafuata mwenyewe usiku kwa usiku na msuli nimewapandishia.

Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, vile vile wanavyopewa wajawazito, nivimeze na chungwa. Machungwa ya Muheza hayana tabu. Tabu ilikuwa mke wangu alipoviona. Akakumbusha kwamba mimba ya pili alilalamika miguu hivi hivi, nami nikamwambia anadeka. Nilikumbuka. Nikamenya chungwa kimya.

Daktari alisema ugonjwa wenyewe ni wa zamani: Mwingereza Thomas Willis, tabibu, aliuandika mwaka 1672, na mwaka 1945 Mswidi mmoja, Karl-Axel Ekbom, ndiye aliyeupa jina la miguu isiyotulia. Nikamweleza mama mkwe nikidhani nitasafisha jina.

"Kumbe na Wazungu wanawanga," akasema.

Sasa ni mwezi wa nne. Siafu wamepungua, hawajahama wote. Kahawa naishia alasiri. Ndoo ya bluu ilirudi kwangu, mama mkwe kaiandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu, herufi kubwa nyekundu: MIGUU. Yake mpya nayo kaiandika, wasije wakachanganya tena: SI MIGUU. Anakaa nayo barazani kila alfajiri, na kila mteja mgeni akishakula viwili vitatu husoma, akauliza maana yake. Mama mkwe hageuki hata kidogo kwenye chuma chake cha vitumbua. Ananionyesha kwa upawa.

"Muulize yule pale."