Barua pepe kwenye seva ya nyumbani: ufunguo ukae wapi?

Wanasheria kadhaa ninaofahamiana nao hapa Kampala wameniuliza kama inafaa wahamishe barua pepe zao kutoka kampuni za Marekani na kuziweka kwenye seva ya nyumbani, yaani kompyuta yao wenyewe inayopokea na kutunza barua, wazisome kwa kivinjari zikiwa zimesimbwa, yaani zimefungwa asiweze kuzisoma asiye na ufunguo. Swali lao ni la haki, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtwika kila anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda.

Hoja ya wanaounga mkono ni nzito: anayezitaka barua hizo atalazimika kubisha hodi kwa mwenyewe. Gharama nayo si kubwa, maana kompyuta kuukuu inatosha, na Postfix ya kutuma na kupokea barua, Dovecot ya kuzitunza sandukuni na Roundcube ya kuzisoma kwa kivinjari zote ni programu huria.

Taabu huanzia kwenye kutuma. Seva yangu niliiweka Ntinda, mtaa wa hapa Kampala, kwenye rafu juu ya betri ya invata, na barua ya kwanza ilikataa kutoka kwa sababu mtoa huduma wangu amefunga poti namba 25, ambayo seva hutumia kupelekeana barua. Isitoshe, tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka mtumaji athibitishe kikoa chake (jina linalofuata alama ya @) kwa SPF au DKIM, njia mbili za kuonyesha kwamba barua imetoka kwake kweli, la sivyo barua yake huenda ikakataliwa. Nililazimika kupitishia barua zinazotoka kwenye seva ya kukodi, kwa hiyo yule mtu wa tatu niliyemkimbia amerudi kwa mlango wa nyuma.

Wapo wanaoogopa kwamba Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha usiku barua zitapotea. Hazipotei: seva ya mtumaji huzishika na kujaribu tena, na Postfix isipobadilishwa husubiri siku 5. Lakini Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18, karibu kabisa na kikomo hicho. Mwenye sanduku ng'ambo alizikuta barua zake zikimsubiri, ilhali mwenye seva Kampala angekuwa anahesabu saa.

Linalonisumbua zaidi ni usimbaji wenyewe. Cheti cha usalama cha tovuti, kama kile kinachotolewa bure na Let's Encrypt, hulinda njia kati ya kivinjari na seva tu, na barua ikishafika hulala kwenye diski ikiwa wazi. OpenPGP, mfumo wa kusimba kwa ufunguo wa umma wa kufungia na ufunguo wa siri wa kufungulia, huifunga barua yenyewe, ila kiongezi cha Enigma cha Roundcube hutunza ufunguo wa siri kwenye seva ile ile, ni kama kufunga sanduku na kuuacha ufunguo juu yake. Hofu hii si ya kufikirika: Juni 2025 ilitangazwa kasoro iliyokuwa ndani ya Roundcube kwa takriban miaka 10, iliyomwezesha mtu mwenye akaunti kuendesha amri kwenye seva. Kampuni kubwa ina watu wa kuziba tundu kama hilo usiku huo huo, lakini wakili aliye safarini Gulu hana.

Mailvelope, kiongezi cha kivinjari kinachotumia OpenPGP, huuweka ufunguo wa siri ndani ya kivinjari cha mwenyewe, na hufanya kazi hata na Gmail, ingawa mada ya barua na majina ya wanaoandikiana hubaki wazi. Ndiyo maana ninawashauri waanze na hilo, wajifunze kubadilishana funguo za umma na wateja wao, na seva ije baadaye, kwa yule tu mwenye fundi wa kuihudumia kila juma.