Dada Wanne wa Tzippori na Ugonjwa Tuliowapachika

Panapotajwa tiba katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkuu wa mijadala ya sheria ya Kiyahudi, ukurasa wa Yevamot 64b haukosi. Dada watatu wa Tzippori, Galilaya, waliwatahiri wana wao mmoja baada ya mwingine, na watoto wote wakafa. Dada wa nne alipomwendea mwanazuoni Rabban Shimon ben Gamliel, aliambiwa asimtahiri wake. Madaktari husoma hapa na kuona hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, zaidi ya karne kumi na sita kabla daktari John Conrad Otto wa Philadelphia hajaieleza mwaka 1803.

Wana sababu. Ukurasa huohuo unasema zipo familia ambazo damu yake ni legelege na zipo ambazo damu yake hushikamana. Tena waliofiwa ni dada, na hemofilia hupitia kwa mama.

Lakini mjadala wenyewe ni wa hesabu: tukio lirudiwe mara ngapi ndipo lichukuliwe kuwa hatari iliyothibitika? Mwanazuoni mwingine, Rabi Yehuda Hanasi, anasema mbili, Rabban Shimon anasema tatu. Kipimo hichohicho kinatumika papo hapo kwa mwanamke anayefiwa na waume na kwa fahali mwenye mazoea ya kupiga pembe. Hii ni kanuni ya sheria, na damu ni mfano wake mmoja tu.

Tuipime hemofilia kwa namba zake. Ikiwa mama wa dada hao alibeba kasoro, kila binti ana nafasi ya nusu kuirithi, na kila mwana wa binti mbebaji ana nafasi ya nusu kuugua. Basi kwa kila dada, mwanawe wa kwanza ana nafasi 1 kati ya 4, na kwa watoto watatu wote kuugua ni 1 kati ya 64. Baada ya vifo vyote hivyo, mtoto wa nne bado ana 1 kati ya 4, maana dada mmoja hamrithishi mwenzake. Kwa hiyo, kwa hesabu ya ugonjwa huo, yaelekea zaidi kwamba ni mzima. Rabban Shimon hakuhitaji kujua hilo. Shaka juu ya uhai ilimtosha kuiahirisha amri nzito kama tohara, na huo ndio ujasiri wake ambao tafsiri ya kitabibu huufunika.

Tazama pia ukurasa mwingine wa Talmudi, Shabbat 134a. Mama aliyepoteza wana wawili kwa tohara alimleta wa tatu kwa Rabi Natan, naye akamwona mtoto ni mwekundu. Akamwambia angoje mpaka damu imezwe mwilini. Walingoja, akatahiriwa, akaishi. Hemofilia haiponi kwa kungoja. Na Joseph Karo, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 16, aliitumia sheria hii hata kwa baba aliyezaa na wake wawili, jambo lisiloendana na urithi wa upande wa mama. Mwanasheria mwenzake, Moses Isserles wa Kraków, alitaja wanaompinga Karo, kisha akaelekea upande wa tahadhari, kwa kuwa ni shaka ya uhai.

Yevamot 64b yenyewe haiishii kwenye damu. Inamfuata mwanazuoni Abaye, aliyetegemea ushahidi kwamba kipimo ni mara tatu, akamwoa Homa, mjane wa waume wawili. Abaye naye akafa.