Tutakupigia

Jamani, hivi kumwambia mtu "hatukukuchukua" kunakula shilingi ngapi? Neno moja tu hilo, Kiswahili kimeshawarahisishia!

Mimi nina wiki ya sita nasubiri. Siku ya usaili niliamka saa kumi alfajiri, nikatoka Mbagala na viatu vya shemeji, namba 41, na mguu wangu ni 43. Nafika Posta natembea kama kuku aliyefungwa kamba. Lifti mbovu, ofisi ghorofa ya sita. Maswali nikayajibu yote, hadi lile la miaka mitano ijayo unajiona wapi, wakati hata nauli ya kurudi nilikuwa siioni. Mama aliyekaa katikati akatabasamu: "Tutakupigia." Nikamwamini! Nashuka ngazi nishaugawa mshahara wa kwanza.

Tangu hapo simu sauti juu, naoga nayo imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, Rambo. (Najua ilipigwa marufuku 2019, huu umebaki wa kumbukumbu.) Siku ya nne ikaita namba ngeni. Nikatoka bafuni na povu usoni, nikaweka sauti ya ofisini: "Habari za asubuhi, nikusaidie nini?" Mama mmoja huko: "Baba Shukuru, yale mahindi vipi?" Kesho yake ikaingia meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Yaani matapeli wananikumbuka, ofisi hawana habari.

Binamu yangu aliwahi kufanya kazi kitengo cha ajira. Anasema mara nyingine mtu wao yupo tangu mwanzo, nyie wengine mmeitwa kukamilisha makaratasi. Au umeshika namba mbili: wanakuweka kiporo mpaka namba moja asaini, maana wakikukataa mapema halafu yule akaingia mitini, watarudi kwako na uso gani? Akishasaini, nani tena ana habari na wewe. Kwa hiyo mimi tairi la spea. Sawa, lakini hata spea hukaguliwa upepo!

Baraza la Mitihani linatoa matokeo ya kidato cha nne nchi nzima, na mwenye ziro anaandikiwa ziro yake mchana kweupe. Sisi kwenye lile benchi tulikuwa wanne.

Jana shemeji kaja kufuata viatu vyake, kaitwa usaili. Namuuliza wapi, ananiambia Posta, ghorofa ya sita.

Nikampa na kiwi.